Pasipoti Ndani ya Kasha la Bi Ashura

Jumamosi ile Mikdad aliamka na mzuka wa bwana harusi. Kanzu ameshapiga pasi, simu ameichaji mpaka imejaa, na alfajiri hiyohiyo ameshawapigia watu kumi na saba kuwakumbusha kwamba mkutano ni saa nne, saa nne ya kweli, siyo ile saa nne ya Bagamoyo inayoanza saa sita na nusu.

Mtaa mzima wa Nianjema ulikuwa unajua habari zake. Kijana wa Bi Ashura ndiye anayekusanya saini ili serikali iridhie ule mkataba wa kimataifa wa kulinda haki za wafanyakazi wahamiaji. Mwezi mzima hana stori nyingine. Unamuuliza nanasi bei gani, yeye anakujibu kifungu cha ngapi.

Na sababu alikuwa nayo, tena nzito. Dada yake, Zuwena, alifanya kazi za ndani Muscat miaka mitatu. Baba yao alipozidiwa, Zuwena alimwomba mama mwenye nyumba pasipoti yake arudi nyumbani. Hakuipata. Baba akafa, akazikwa, na Zuwena alipokuja kufika kaburi lilikuwa limeshaota majani. Tangu arudi, kwa watu wa nje amekuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana". Anakaa barazani na cherehani yake anashona foronya, na ukimgusia Muscat tu anakusanya vitambaa anaingia ndani.

Sasa Mikdad alikuwa amemganda wiki nzima aje aongee mbele za watu.

"Dada, wewe ukisema maneno kumi yanazidi yangu elfu."

"Na hayo elfu unayasema kila siku," Zuwena akamjibu bila kuinua macho. "Sindano yenyewe imeshayajua."

"Dada bwana!"

"Nitakuja. Lakini hiyo simu yako usinimulike nayo usoni kama unatafuta senti iliyoanguka."

Mikdad akacheka, akatoka uani. Pale nje pikipiki ilikuwa inashusha viroba viwili vya mananasi ya kuwakaribishia wageni, na nyuma ya viroba akashuka Mrundi.

Mrundi alikuwa kibarua wao kule Fukayosi, kwenye zile heka nne za mananasi alizoacha marehemu baba. Mtu mrefu, mpole, wa miaka thelathini na kitu. Alitoka Burundi, sehemu za Makamba, akafika miaka miwili nyuma akitafuta kazi, na kazi akaipata. Analala shambani, analima, anavuna, anapakia magari. Jina lake nani? Hapo ndipo pagumu. Wote walimwita Mrundi. Hata kwenye simu ya Mikdad amehifadhiwa hivyo, "Mrundi Shamba", kama vile shamba ndilo jina la ukoo.

"Shikamoo, bosi," akasema Mrundi, ingawa alimzidi Mikdad miaka karibu kumi.

"Marahaba, marahaba. Yameiva vizuri?"

"Yameiva. Bosi, ile habari yangu..."

"Tutaongea baada ya mkutano. Leo nina mambo mengi, si unaona?"

"Naona, bosi."

Ile habari yake ilikuwa hivi. Mrundi alipofika, Bi Ashura alimwambia alete pasipoti amwekee, kwa sababu kule shambani kuna panya na mchwa. Na hapo hapakuwa na ubaya hata chembe. Bi Ashura ni mtu wa amana. Miaka arobaini watu wanamletea vitu vyao awatunzie: huyu hati ya kiwanja, yule dhahabu za binti anayengoja kuolewa, mwingine talaka yake hataki ndugu waione. Vyote vinaingia kwenye kasha lake jeusi la mninga, na funguo iko kwenye pindo la kanga. Mrundi akamkabidhi pasipoti yake, akashukuru.

Halafu mwezi wa kumi na moja akapigiwa simu. Mama yake mzazi yuko hoi kitandani, anamtaka. Akaja kuomba pasipoti. Mananasi ndiyo kwanza yanaiva shamba zima, magari ya wanunuzi yanapanga foleni, na Mikdad akamwambia, vumilia, mananasi yakiisha utakwenda. Mananasi yakaisha. Yakaja ya pili. Sasa ni mwezi wa pili, na kila akija mjini anaanza na maneno yale yale: bosi, ile habari yangu.

Mikdad hakuona kitu. Wallahi hakuona. Angeona vipi na macho yote yako Muscat?

*

Mkutano ulifanyika kwenye banda la bati la chama cha wakulima. Watu walijaa, wengine wamekaa kwenye mikeka, wengine viti vya plastiki vya kukodi. Bi Ashura alikuwa mkeka wa mbele na buibui lake jipya, amekaa wima kabisa, maana mama wa mwenye shughuli lazima aonekane. Nyuma kabisa, kwenye meza ndefu, Mrundi alikuwa anamenya mananasi na kuyakata vipande.

Aliyekuja kutoka Dar kueleza mkataba alikuwa dada mmoja anaitwa Ibtisam, wa chama kinachozunguka kukusanya hizo saini. Kabla hajamaliza hata salamu, Mzee Pazi akanyoosha mkono. Mzee Pazi alikuwa seremala mstaafu, na bila yeye mkutano wowote wa Nianjema unakuwa kama pilau bila kachumbari.

"Binti, samahani. Wewe si Mwarabu?"

"Babu yangu alikuja kutoka Oman, mzee wangu. Mimi nimezaliwa Dunda, hapahapa Bagamoyo."

"Haya. Hao ndugu wa babu yako, huo mkataba wameusaini?"

"Bado."

"Na sisi?"

"Na sisi bado."

"Sasa sisi tukisaini leo, yule mama wa Muscat atashtuka usingizini atoe pasipoti kabatini?"

Banda zima likaangua kicheko. Ibtisam naye akacheka, akangoja watulie.

"Hatashtuka, mzee. Sikudanganyi. Tukiridhia tunapata pa kusimamia tunapodai watu wetu, serikali yetu inajifunga kuwafuatilia, mawakala wanaopeleka watu wanabanwa. Lakini unajua mkataba unaanza kumbana nani? Sisi wenyewe. Unaanza kufanya kazi hapahapa, kwa mgeni anayefanya kazi hapa kwetu."

"Mgeni gani? Wachina wa barabara?" akadakia Mzee Pazi. "Wale wana magari ya kiyoyozi, saini yangu wataifanyia nini?"

Watu wakacheka tena, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Mikdad.

Kisha akasimama yeye. Akafungua karatasi yake, akasoma kifungu alichokipenda kuliko vyote, kile kinachosema kwamba ni marufuku mtu yeyote, asipokuwa afisa aliyepewa ruhusa na sheria, kumnyang'anya mfanyakazi mhamiaji hati zake. Akasoma kwa sauti ya khatibu. Alipofika "mtu yeyote" akairudia mara mbili, na kidole juu. Watu wakapiga makofi. Akamwita dada yake.

Zuwena akasimama palepale alipokuwa amekaa, mikono ndani ya mtandio. Mikdad akainua simu, akaanza kurekodi.

"Mnataka niwaambie alinipiga," Zuwena akaanza, taratibu. "Hakunipiga. Yule mama alikuwa mtu mwema. Nikiumwa ananinunulia dawa. Idi ananipa nguo. Siku ya kwanza aliniambia, lete pasipoti nikuwekee, humu ndani wanapita watu wengi isije ikapotea. Nikampa kwa mikono yangu miwili, nikamwambia ahsante mama."

Hata watoto waliokuwa wanagombea vipande vya nanasi walikuja kukaa mkekani kumsikiliza.

"Baba alipozidiwa, nikamwomba. Akaniambia, Zuwena, mwezi huu nina wageni, vumilia, wakiondoka utakwenda. Wageni wakaondoka, wakaja wengine. Hakuna siku alisema hapana. Angesema hapana, ningejua nifanye nini. Yeye alisema vumilia. Na mimi nikawa namwambia baba kwenye simu, nakuja, bosi wangu ni mtu mwema."

Kwenye kioo cha simu, juu ya bega la Zuwena, Mikdad alimwona Mrundi kule nyuma. Kisu mkononi, nanasi mkononi, lakini hakati. Amesimama tu, anasikiliza. Kitu kikamchoma Mikdad chini ya kifua, kidogo, kama mwiba wa samaki. Akakimeza. Akasogeza simu pembeni ili yule mtu wa nyuma asionekane.

Zuwena alipokaa, wanawake walikuwa wanajifuta machozi kwa mitandio. Ibtisam akaweka daftari la saini mezani, na watu wakapanga mstari. Jina, mtaa, namba ya kitambulisho, saini. Mikdad akasimama pembeni anarekodi kila anayeinama, moyo umejaa, maana Ibtisam ameshamnong'oneza kwamba saini zikifika mia nne, yeye ndiye atakayekwenda Dodoma kuzikabidhi.

Mstari ukaenda, ukaenda, mpaka mwisho akatokea Mrundi. Ameosha mikono, bado inachuruzika maji.

"Eh! Hata Mrundi anasaini!" mtu akasema.

"Mwache asaini, mkataba wenyewe unamhusu," akasema Ibtisam, akamgeuzia daftari. "Karibu, kaka. Jina?"

"Evariste Niyonkuru."

Mikdad akasikia jina hilo kwa mara ya kwanza, na simu yake ndiyo iliyokuwa inalirekodi.

"Namba ya kitambulisho? Hata ya pasipoti sawa."

"Pasipoti sina hapa. Iko kwa mama."

"Kwa mama yako, Burundi?"

"Hapana. Kwa mama huyu." Akamwonyesha Bi Ashura kwa mkono wote, kwa adabu, kama mtu anayemtambulisha mkubwa wake. "Amenitunzia. Nikipewa nitakuja kukuandikia namba."

Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya! Angefoka, angenyoosha kidole, Mikdad angepata cha kujibu. Yule mtu alikuwa anaeleza tu kwa nini hawezi kujaza ile nafasi.

Vichwa vyote vikageukia mkeka wa mbele. Halafu Mzee Pazi akasema, tena si kwa sauti kubwa:

"Kumbe Muscat iko Nianjema."

Wawili watatu wakacheka. Cheko likafia njiani. Zuwena alikuwa amegeuka anamtazama mdogo wake, na yale macho, bora angemzaba kofi. Bi Ashura akainuka kwenye mkeka, akajitanda buibui, akatoka nje bila kuaga mtu. Viatu vyake akaviacha palepale mlangoni, akaenda zake peku kwenye mchanga wa moto, mtu mzima yule, na watu wote wanaona.

*

Mikdad na Zuwena walimkuta mama yao chumbani, kasha liko wazi. Ametoa vitu vya watu amevipanga kitandani kimoja kimoja.

"Mama," Mikdad akaanza.

"Nyamaza. Alikuja hapa mwezi wa kumi na moja, akakaa pale kizingitini, akasema mama naomba amana yangu. Na mimi nikafanya nini? Nikakuuliza wewe." "Ukaniambia, usimpe, atatukimbia wakati mananasi bado yako shambani. Nikakusikiliza. Miaka arobaini, Mikdad! Mtu akija kuchukua chake sijawahi kumuuliza anakwenda kukifanyia nini. Leo nimekuwa mtu wa kuulizia ruhusa kwa mwanangu."

"Mama, sikuwa na nia..."

"Na yule mwanamke wa Muscat alikuwa na nia gani? Mimi nilikuwa namwapiza yule mwanamke kila baada ya sala. Kila sala!"

Zuwena alikuwa ameshaichukua pasipoti kwenye bahasha yake. Akafungua, akasoma, akarudia kusoma. Akaifunga polepole.

"Imeisha muda," akasema. "Mwezi wa kwanza. Imeishia humu humu ndani ya kasha."

Mikdad akaenda nayo bandani akiwa ameishika kama kitu kinachovuja. Wageni walikuwa wameondoka. Niyonkuru alikuwa anakunja mikeka na kufagia maganda.

"Kaka..." Mikdad akakwama. Neno "Mrundi" lilikuwa ndilo lililotaka kutoka, limezoea njia. "Kaka Niyonkuru. Hii hapa. Nimekukosea. Na... imeisha muda."

Niyonkuru akaipokea kwa mikono miwili. Akaiangalia.

"Ahsante, bosi. Si kitu."

"Ni kitu, bwana! Mama yako anaendeleaje?"

"Yupo. Kula ndiyo hawezi. Kila siku ananiuliza kama bosi ameruhusu." Akatabasamu kidogo, kama anayeomba radhi. "Namwambia avumilie, bosi wangu ni mtu mwema."

Mikdad akageuza uso akajifanya anatafuta ufagio.

*

Jumapili simu haikukaa kimya. Ibtisam alikuwa anaomba video: wenzake Dar wanaitaka ya Zuwena na ya watu wakisaini, waipeleke kwa wabunge. Mikdad akakaa uani, akaifungua. Ilikuwa nzuri. Picha safi, sauti safi. Kulikuwa na sekunde ishirini na mbili tu za mwisho zenye matatizo. Akaweka kidole pale pa kukatia.

"Unakata wapi?" Zuwena alikuwa amesimama nyuma yake na beseni la nguo.

"Mwishoni tu hapa. Dada, wakiona hii mama ataonekanaje? Mkataba wenyewe utachekwa. Watasema wanaopiga kelele ndio walewale."

"Si ndio walewale?"

Mikdad akarudisha kidole palepale pa kukatia.

"Hata yule mama wa Muscat," akasema Zuwena, "angepewa hiyo simu, angekata hapohapo."

Akaenda zake kuanika nguo. Mikdad akabaki na kidole kimesimama hewani. Akakaa vile mpaka kioo kikazima chenyewe. Akakiwasha. Akaituma video nzima, kisha akaizima simu yenyewe, na kwa kijana kama Mikdad hiyo ilikuwa sawa na kuvua shati barabarani.

Jioni Mzee Pazi akapita, akamvuta pembeni. Naye alikuwa ameona haya kwa lile neno lake, akataka kusaidia.

"Kesho mnakwenda uhamiaji? Mwambie yule bwana aseme alisahau tarehe. Basi, yaishe. Wewe ukijitia kusema ulimshikia, utalala ndani, mwanangu. Na mama yako je?"

Usiku huo Mikdad hakumwambia Niyonkuru chochote. Lakini hata kumkataza asiseme hivyo hakumkataza. Na hilo akalijua.

*

Jumatatu walikwenda watatu, Mikdad, Zuwena na Niyonkuru, kwenye ofisi ya uhamiaji. Walisubiri kwenye benchi mpaka wakaitwa. Afisa alikuwa mama wa makamo na miwani, hana haraka. Akaigeuza pasipoti mbele nyuma.

"Imekwisha. Na ruhusa yako ya kukaa ilikwisha zamani zaidi. Ulikuwa wapi muda wote huu?"

Niyonkuru akavua kofia.

"Ni kosa langu, mama. Nilisahau kuangalia tarehe."

Hakuna aliyemfundisha. Hakuna aliyemwomba. Alimwangalia Mikdad kwa pembe ya jicho, akatikisa kichwa kidogo: tulia, bosi, nimekubebea.

Mikdad akamwelewa. Mlango uko wazi kabisa mbele yake. Yule mtu ameshausukuma kwa mkono wake mwenyewe. Kazi ya Mikdad ni kunyamaza tu, na kunyamaza hakuna kazi. Akafungua mdomo, ukawa mkavu. Yeye! Mikdad wa maneno elfu!

"Hajasahau," akasema mwishowe, na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Ilikuwa kwetu. Aliiomba tangu mwezi wa kumi na moja, mama yake anaumwa. Mimi ndiye niliyekataza apewe."

Afisa akavua miwani.

"Kwa nini?"

"Mananasi yalikuwa hayajaisha."

Alipolisikia jibu lake, akatamani ardhi ya ofisi ile ipasuke. Maana hakukuwa na jibu lingine. Lilikuwa ndilo hilo tu, lote zima.

Afisa akasogeza karatasi nyeupe na kalamu.

"Kaa pale, uandike hayo uliyosema. Jina lako, jina lake, tarehe aliyoomba, nani alikataa. Usiondoke mpaka nikwambie." Akamgeukia Niyonkuru. "Wewe nakuandikia barua uende ubalozi wenu Dar, wakupe hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Ukiwahi leo, huenda keshokutwa ukasafiri."

"Nitakwenda naye mimi," akasema Zuwena. "Balozi nazijua. Najua unasimama dirisha gani na unasema nini."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Muscat kujitolea kutoka nyumbani bila kulazimishwa na mtu.

Mikdad akakaa kwenye benchi, karatasi juu ya paja. Mwezi mzima amewainamisha watu kwenye daftari: andika hapa mama, tia saini hapa babu, haiumi. Sasa zamu ni yake. Akaandika jina lake. Akaandika Evariste Niyonkuru. Akaandika la mama yake, Ashura, akakaa analitazama.

Zuwena na Niyonkuru wakapita mbele yake wakielekea nje. Zuwena hakusimama. Niyonkuru alisimama, barua mkononi, kofia mkononi.

"Bosi," akasema, "yale ya upande wa kisima yameiva yote. Usiyaache yakaharibika."

Mikdad akataka kumwambia asimwite bosi. Akataka kumwambia amsalimie mama. Akataka kumwambia mambo chungu nzima, lakini akabaki anatikisa kichwa tu kama mtoto aliyefumaniwa. Mlango ukajifunga. Akainama tena juu ya karatasi, pale kwenye tarehe, akaendelea kuandika.